Mshonaji Hajulikani

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja katika skuli za wasichana hapa Ibra, Oman, na miaka yote hiyo nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba mkalimani ni mtu wa kuaminiwa, kwa sababu watu wawili wamemkabidhi midomo yao. Nilipenda sana kulisema hilo. Nililisema kidole kikiwa juu. Mwezi wa Februari mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, nikapewa kazi ya ukalimani kwa wiki mbili, na siku ya tatu tu nikamfanyia mama yangu mzazi jambo ambalo hata leo nikilikumbuka peke yangu jikoni, uso unaniwaka.

Makumbusho ya mji mmoja mdogo huko Poland, mji ambao jina lake nililitamka vibaya mpaka siku walipoondoka, yalileta vitu vyake kuonyeshwa kwetu. Si makumbusho makubwa ya wafalme. Ni yale ya mkoa, ambako mtu akifa akaacha kitu darini na warithi wasijue wakifanyeje, kitu hicho huishia huko. Vitu vilipangwa katika sabla, ukumbi wa kupokelea wageni, ya nyumba moja ya kale iliyotengenezwa upya, kwenye mtaa wa zamani, na mimi nikatakiwa niandike vibandiko vya Kiarabu na kumfasiria Bi Halina, mkuu wa makumbusho hayo. Alikuwa mama mwembamba, rika langu, anayesema Kiingereza polepole na kusikiliza zaidi kuliko kusema.

Sijapata kuona vitu visivyojuana kama vile vikiwekwa chumba kimoja. Palikuwa na saa tisa za ukutani, zote zimesimama, kila moja na wakati wake. Palikuwa na nondo mia moja waliochomwa pini, mayai ya kuku yaliyochorwa kwa nta, taa za wachimba makaa, vigae vya kijani vya jiko la kuotea moto, na taji la bibi arusi lililotengenezwa kwa shanga na maua ya karatasi. Palikuwa na mzinga wa nyuki wa gogo, umechongwa mzee mwenye masharubu, nyuki walikuwa wakiingilia mdomoni. Wanawake wa Ibra walimpenda mzee huyo kuliko kitu chochote, wakapiga naye picha, na mmoja akasema anamkumbusha mume wake akiwa mezani.

Sanduku la saba lilikuwa la vitu ambavyo watu wa mji ule walivileta kutoka safarini. Kipepeo cha karatasi cha kujipepea, gamba la kobe, kengele ya ngamia, na kofia moja nyeupe ya mkono, imekuwa na rangi ya samli kwa uzee. Kadi yake ilisema: Kofia ya mwanamume. Unguja, 1961. Imeletwa na mhandisi wa meli. Mshonaji hajulikani. Nikaitia katika Kiarabu bila ya kuwaza, nikaenda kwenye kadi ya kobe.

Kofia hiyo hapa Oman inaitwa kumma, na wanaume wanaivaa ofisini, sokoni na shambani. Iliyo bora ni ile ya kazi ya mkono, vijitundu mamia vimetobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya miezi. Na katika nyumba nyingi ada ni kwamba anayemshonea mwanamume kofia ni mke wake, au mama yake, au dada yake. Mtu akisifiwa kofia yake hutabasamu, kwa sababu anasifiwa watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana bibi arusi naye hutazamiwa apeleke kofia aliyoishona mwenyewe, na mama mkwe huigeuza ndani nje kuitafuta aibu.

Sasa nieleze uongo wangu wa kwanza, maana wa pili ulizaliwa na huo. Tulifika Ibra nikiwa na miaka sita, tumetoka Unguja, na watoto wa skuli walikicheka Kiarabu changu mpaka nikakataa kula. Nikapata dawa. Nikawaambia kwamba Unguja tulikuwa na nyumba ya ghorofa tatu, na kwamba mama yangu hakuwahi kushika hata sindano kwa sababu palikuwa na watu wa kumshikia. Wakanyamaza. Nikaona dawa inafanya kazi, nikaendelea kuinywa. Nilipoolewa niliwaambia hivyo hivyo wakwe zangu, nilipokuwa mwalimu niliwaambia walimu wenzangu, na nyumba ile kila mwaka ikiongezeka dirisha. Mama yangu, Bi Turkiya binti Thabit, hakuulizwa na mtu. Yeye alikuwa akishona kofia za baba yangu hapa hapa Ibra barazani, watu wanamwona, nami nikisema anashona kwa kupitisha wakati.

Binti yangu Alyaa, anayefanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwa ameposwa na Thuwaini, kijana mpole anayefanya kazi Sur. Mama yake Thuwaini, Bi Najla, ni wa ukoo ambao haujahama Ibra tangu Ibra iwepo, na hajui Kiswahili hata cha salamu. Mambo ya kufu na asili kwake si maneno ya kupita. Nilimpa ile nyumba ya ghorofa tatu na madirisha yake yote, akaipokea. Milka, yaani siku ya kufungwa ndoa, ilipangwa karibu wiki mbili baada ya maonyesho kufunguliwa, na Bi Najla alikuwa ameshasema kwa kicheko, lakini amesema, kwamba anaingoja kofia ya mkono wa Alyaa.

Alyaa hawezi kushona kifungo. Nikaagiza kofia kwa mwanamke mmoja wa Mudhaibi anayeitwa Basma, anayeshona kwa siri kwa ajili ya maarusi wasioweza, na makubaliano ni kwamba hakushona yeye. Ilipofika nilimwonyesha mama, nikamwambia hii ndiyo kofia ya Alyaa. Mama aliigeuza, akaisogeza karibu na macho yake, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Mwenye mkono huu ana subira," akasema, kisha akanirudishia na kuendelea na chai yake.

Alijua. Hakusema neno, si kwangu wala kwa mtu mwengine. Nakumbuka nilidhani hakuitambua, nikashukuru kwamba ameanza kuzeeka.

Siku ya tatu ya maonyesho ilikuwa ya wanawake. Bi Najla alikuja na dada zake wawili, nami nilimleta mama kwa gari kwa kuwa alitaka kuwaona nondo. Tulipofika kwenye sanduku la saba Bi Halina akauliza kama kuna yeyote anayezijua kofia za Unguja. Nikamwambia, kwa kujisifu, kwamba mama yangu kazaliwa huko. Basi akafungua kioo, akampa mama glavu nyeupe, akamwekea kofia viganjani.

Mama aliipindua papo hapo. Hakutazama juu wala maua yake, alikwenda moja kwa moja ndani, pale ukanda wa pembeni unapokutana na kifuniko cha juu, akawa anahesabu kwa midomo. Halafu akaacha kuhesabu.

"Hii yangu," akasema kwa Kiswahili. "Ghalia, hii mimi ndo n'loishona."

Akaanza kunieleza, kwa haraka na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu baba alipofariki. Alisema babake alilala kitandani miaka miwili, na yeye na mamake wakawa wanashona kofia za duka moja la Darajani, wakila kwa kofia hizo. Alasiri akipita mama mmoja na kikapu cha ndimu, kofia zikiwekwa chini na ndimu juu, majirani wasijue. Kisha akanionyesha kwa kidole kilichovikwa glavu.

"Kila kofia nikiacha kijitundu kimoja bila ya kukizungushia uzi, hapa ndani. Mama yangu akinigombeza. Nikimwambia, ipo siku nitaiona kichwani mwa mtu njiani nami nitaijua. Sikuiona hata moja, mwanangu. Leo ndo n'meiona."

Bi Najla alikuwa amesimama begani kwangu. Akaniuliza kwa Kiarabu mama anasema nini. Bi Halina naye akaniuliza kwa Kiingereza kama bibi anamjua mshonaji. Wote wawili wakanikodolea macho, na dada zake Bi Najla nao, na mimi nikaiona nyumba yangu ya ghorofa tatu inaporomoka mbele ya wote hao, na chini yake kikapu cha ndimu. Nikaona pia watakavyofikiri, kofia ya mkono wa mama yangu imefikaje kichwani mwa mhandisi wa Kizungu.

"Anasema kofia hii inamkumbusha za kwao," nikamwambia Bi Najla. "Msamehe. Mama ameshaanza kusahau, siku hizi anachanganya mambo."

Na kwa Bi Halina nikasema la, hajui.

Mama yangu ameishi Ibra miaka zaidi ya hamsini. Anabishana bei ya samaki kwa Kiarabu kizuri kuliko changu. Yote hayo nilikuwa nayajua, na katika dakika ile niliyasahau mimi, si yeye. Dada mmoja wa Bi Najla alimpapasa mama mgongoni kama apapaswavyo mtoto mgonjwa na kumwombea Mungu amhifadhi. Mama akaitikia amina. Akairudisha kofia mahali pake, akavua glavu kidole kimoja kimoja, akazikunja, akampa Bi Halina. Hakutaka tena kuwaona nondo.

Ndani ya gari niliwasha redio.

Jioni ile Alyaa alipomletea kahawa na kumwamkia shikamoo, mama aliitika marahaba, kisha akamuuliza yeye ni nani. Alyaa akacheka. Mama akasema kwa upole kabisa kwamba yeye ameshaanza kusahau, kwa hivyo watu wawe wanamtajia majina yao wanapoingia. Alyaa akanitazama. Mimi nikaangalia kahawa.

Kuanzia hapo hakutupa raha. Ndugu yangu Nadhir alipiga simu kutoka Samail kuuliza kipimo cha zaafarani katika halua, kwa sababu mkewe anapika ya milka, na hakuna anayekijua isipokuwa mama. Mama akamwambia: "Muulize Ghalia. Mimi nimeshaanza kusahau." Jirani akaja kumuuliza mtoto wake alizaliwa mwaka gani, maana mama ndiye daftari la mtaa. Amuulize Ghalia. Nilimuuliza mimi mwenyewe dawa zake za presha kazila au hakuzila, akanijibu nimuulize Ghalia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akisema kama mtu anayefuata amri ya daktari, na kila akisema nilitamani anipige kibao tukamaliza.

Siku ya nne baada ya ile ya wanawake nilimweleza Alyaa yote, kwa sababu sikuweza kulala. Nilidhani atanitetea. Binti yangu akauliza kama ni kweli Bibi alishona kwa kuuza. Nikamwambia ni kweli. Akauliza kama Basma wa Mudhaibi naye anao watoto watakaosema kwamba mama yao ameanza kusahau. Nilimkaripia. Akasema tuseme tu ukweli kwa Bi Najla kabla ya milka, yeye hataki kuanza ndoa na kofia ya mtu. Nikamwambia asithubutu, ndoa si mchezo, na akanyamaza kwa adabu. Adabu hiyo nilimfundisha mimi.

Nikaenda peke yangu kwa Bi Halina. Nilitaka nilimalize jambo kimya kimya, kadi ibadilishwe, jina la mama liandikwe, vitu virudi Poland na Bi Najla asijue. Nilimweleza kwa Kiingereza kizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua sanduku, akatafuta kwa kioo cha kukuzia kile kijitundu nilichomwambia, akakiona. Akafurahi, halafu akaniambia kwa uangalifu wake kwamba hawezi kubadilisha kadi kwa neno langu. Juzi neno langu lilikuwa jengine. Nimlete bibi mwenyewe, aseme kwa mdomo wake, watamrekodi, ndivyo kanuni yao ilivyo. Hakunitukana. Nilitoka pale nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi mkononi siku ya mtihani, mimi niliyewakamata wangapi.

Nikampigia mama magoti chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo zake. Nilimwomba radhi, nikalia, nikambusu mikono. Nikamwambia twende kwa yule mama wa Poland akaseme.

"Aliyesahau hatoi ushahidi," akasema.

Nikamwambia hakusahau, mimi ndiye niliyesema uongo, ninakiri.

"Unakiri," akasema. "Ulinisahaulisha mbele ya watu, Ghalia. Humu chumbani mna watu?"

Akaendelea kukunja nguo. Nilijua anataka nini, na nikajiambia kwamba baada ya milka nitatafuta njia. Nilikuwa bado ninatafuta njia, nikiwa nimepiga magoti.

Siku ya milka nyumba ilijaa. Wanaume walikuwa upande wao wanangoja maghribi waende msikitini kufunga ndoa, wanawake tulikuwa ukumbini, halua imetoka kidogo bila rangi kwa sababu zaafarani haikutosha, na udi umechomwa. Alyaa alikaa baina yangu na mama. Kofia ya Basma ililetwa juu ya sinia, imefukizwa, imekunjwa katika kitambaa cha kijani. Bi Najla akaifungua, na kama nilivyotarajia akaigeuza ndani nje. Alipitisha kidole kwenye mshono wote. Dada zake wakasogea. Wakasifu ulaini, wakasifu vijitundu vilivyolingana, na Bi Najla akamwangalia Alyaa kwa macho mapya na kusema hakutegemea msichana wa siku hizi, tena mwenye kazi, awe na mkono kama huu. Alyaa alikuwa akiangalia zulia.

Bi Najla ni mtu wa heshima. Akamgeukia mkubwa wa nyumba, akapandisha sauti kidogo kwa ajili ya masikio na kwa ajili ya maradhi niliyompa, akamuuliza kwa Kiarabu: "Mama, ni wewe uliyemfundisha?"

Watu walisogeza vichwa kusikia mkongwe atajibu nini. Mama alikishusha kikombe cha kahawa. Alimtazama Bi Najla, akamtazama Alyaa kwa huruma, na mimi hakunitazama kabisa.

"Muulize Ghalia," akasema kwa Kiarabu kilichonyooka. "Mimi nimeshaanza kusahau."

Angeweza kusema ndiyo, na mambo yangekwisha. Angeweza kusema la, akatuangusha. Alinipa mimi. Wanawake thelathini walinigeukia, na nilihisi jasho linateremka mgongoni ndani ya nguo niliyoishonesha Maskati. Nilifungua mdomo nikitaka kusema ndiyo, mama ndiye aliyemfundisha. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Ndipo yule dada wa Bi Najla akanyoosha mkono akampapasa mama mgongoni tena, vile vile, na mama akaitikia amina kabla hata ya kuombewa.

"Mama hajasahau kitu," nikasema. "Mimi nilisema uongo. Ile kofia ya Unguja iliyoko kwenye maonyesho kaishona yeye, na alikuwa akishona za kuuza, kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa na hapakuwa na mwengine wa kuwalisha. Hatukuwa na ghorofa tatu. Na hiyo uliyoshika hakuishona Alyaa. Kaishona mwanamke wa Mudhaibi, anaitwa Basma, nami nilimkataza asijitaje. Alyaa alitaka kukwambia, nikamzuia."

Sikulia, kwa sababu nilijua nikilia watanihurumia na hilo pia lingekuwa ujanja. Mtu mmoja nyuma alisema astaghfirullah. Bi Najla aliikunja kofia kwenye kitambaa chake cha kijani taratibu, kona kwa kona. Kisha akainuka, akaenda akakaa mbele ya mama, chini, akamuuliza alishona ngapi.

"Kwani nilizihesabu?" mama akasema. "Tulikuwa tunataka kula."

Bi Najla akatikisa kichwa. Akaniambia kofia hii hatoichukua, mwanawe ataivaa ya Alyaa, hata ikiwa baada ya mwaka, na karamu ya harusi itasubiri kofia. Sijui mpaka leo kama ile ilikuwa hisani au adhabu. Hakunitazama akisema. Wanaume walikwenda msikitini na ndoa ikafungwa, lakini wageni waliondoka mapema kuliko ilivyo desturi, na halua nyingi ilibaki. Kwa siku kadhaa nilipokuwa nikiingia dukani niliona mazungumzo yanabadilishwa. Nilistahili.

Asubuhi ya pili yake mama alinikuta jikoni akaniuliza nani aliyemwambia Nadhir atie zaafarani kidogo vile. Nikamwambia hakuna aliyemwambia. Akasema ndiyo maana. Kisha akasema nimtolee buibui lake jeusi jipya, twende kwa yule mama wa Poland kabla hawajafunga masanduku yao.

Ilikuwa siku ya mwisho. Nondo walikuwa wameshafungiwa, saa tisa zimelazwa katika majani makavu, na mzee wa mzinga amefungwa blanketi mpaka kwenye masharubu. Bi Halina alikuwa amelibakisha sanduku la saba. Akampa mama kiti, akaweka mashine ya kurekodia juu ya meza, akampa kofia. Safari hii mama hakuvaa glavu, na Bi Halina hakumwambia avae. Kwangu Bi Halina alisema tu nifasiri kila kitu kama kilivyo.

Mama alianza tangu mwanzo. Alitaja duka, kikapu, ndimu, msumari wa kutobolea, uzi unavyotiwa nta usikatike. Alitaja jina la mamake. Alikigusa kile kijitundu kitupu akaeleza kwa nini. Nami nilifasiri sentensi kwa sentensi, na pale nilipokosa neno nilimuuliza, akanieleza, nikamngoja. Ilichukua saa nzima. Nusu ya aliyoyasema nilikuwa siyajui, mimi mtoto wake, kwa kuwa miaka hamsini nilikuwa na shughuli ya kusimulia maisha yake na sikupata nafasi ya kumuuliza.

Mwishowe Bi Halina akachukua kadi mpya, akauliza iandikwe nini.

"Mwambie aandike," mama akasema, "imeshonwa na Turkiya binti Thabit, Unguja, kwa ajili ya kuuza, na baba yake alikula kwa kazi hiyo. Na aandike kwenye daftari lao, siku ya mwanzo jina langu halikuandikwa kwa sababu binti yangu alikuwa ndiye mkalimani, na aliona aibu kuwa mama yake alikuwa mshona kofia."

Mashine ilikuwa inazunguka. Bi Halina hajui Kiswahili. Hapakuwa na Bi Najla, hapakuwa na mtu yeyote ambaye angejua kama ningeishia kwenye sentensi ya kwanza. Mama aliifunika kofia magotini kwa viganja vyake, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya wanawake, akingoja.

Niliifasiri yote. Bi Halina aliinua kalamu, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli nataka hilo la mwisho liingie, kwa sababu daftari la makumbusho halifutwi. Nikamwambia ndivyo alivyosema. Akainama akaandika, kisha akaniuliza, kwa ajili ya kumbukumbu, binti huyo anaitwa nani.

Nikamwambia, nikamtajia herufi moja moja, asije akalikosea.